Mkalimani wa Filamu ya Kifafa

Jumatatu, 8 Septemba 2014. Kasulu.
Nimechaji betri, nimefuta lenzi. Vumbi haliishi. Filamu ya kifafa imefika kwa basi kutoka Dar. Picha zote nilipiga mimi kule kijijini Muyama, kuhariri mimi. Mwishoni wameandika: mtengenezaji, Deusi. Bosi wangu, ambaye Muyama anaisikia tu! Mimi wameniandika mkalimani.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimempigia Deusi simu. Amecheka. “Dada, tulia, jina utalipata tu.” Namchukia. Ijumaa anakwenda na wafadhili kuionyesha Muyama. Filamu inasema Kiswahili, akina mama wa kule wanataka lugha yao, Kiha. Nani atashika maiki? Mkalimani.
Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 12 Septemba. Muyama.
Uwanja wa shule ulijaa. Deusi mbele, miwani kichwani. Kiha hajui hata salamu.
Nilianza vizuri. Ikafika pale mtoto anapoanguka karibu na moto, watu wanakimbia povu lake wakidhani linaambukiza, nesi anamvuta na kumgeuza. Hapo nikawaambia kwa Kiha: mnamwona huyo mwenye miwani? Mwizi. Mlinilaza nyinyi, mlinilisha nyinyi, jina kaweka lake. Uwanja mzima kicheko. Deusi akasimama, akapunga mkono! Alidhani anashangiliwa. Nikaendelea kumchamba mpaka picha zikaisha.
Raha iliyoje. Sijutii hata chembe.

Jumapili, 14 Septemba. Kasulu.
Kuna aliyemtafsiria. Nimefukuzwa kazi kwa ujumbe wa simu. Na anifukuze. Sokoni wananipongeza. Aibu aliyoipata haitamtoka.

Alhamisi, 18 Septemba. Muyama.
Nimekwenda kuwaaga wenyeji wangu. Jirani yao, Mama Editha, akaja na ndizi. Amenisalimia, amecheka sana habari ya Deusi. Binti yake huanguka kifafa, sikujua.
Kisha akauliza taratibu: “Mwanangu, pale nesi alipomshika yule mtoto, alikuwa anamfanyaje? Ulikuwa unamsema bosi wako.”
Uwanja ule wote. Hakuna hata mmoja niliyemwambia la kufanya.
Nimemfuata hadi kwake. Nimelala chali mbele ya jiko lake, nikamwambia anivute mbali na moto, kisha anilaze ubavu. Amenyoosha mkono, akaurudisha. Anaogopa kugusa hata mtu mzima wa afya.
Nimebaki pale chini, namsubiri.