Mizabibu ya Cornel

Makutupora, Dodoma
4 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Stanley,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Hujambo huko Kanada? Baridi imeshaanza kukuuma masikio? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila kula anakula.

Nakuandikia kwa kalamu, barua ataileta Salwa anayesafiri kuja huko, kwa sababu simu yangu anaishika mama na haya sitaki ayasome.

Ni kuhusu ndege aliyopanda kaka yetu Cornel. Mwaka wa nne sasa tangu ipotelee angani na abiria wote, na hapa nyumbani kila mtu amekuwa rubani. Baba mdogo Mazengo anashikilia kwamba ilitekwa, watu wamefichwa kisiwani. Mwalimu Hanifu anasema hewa iliisha ndani, wakasinzia wote, ndege ikaenda yenyewe mpaka mafuta yakakauka. Mimi nadhani moto ulianzia kwenye mizigo ukakata mawasiliano. Nadhani tu. Hakuna ajuaye, Stanley.

Lakini wewe kila wiki unamtumia mama video mpya kuhusu ndege hiyo. Wiki ya kisiwa alifua shuka za Cornel, akamtandikia kitanda. Wiki ya moto hakula siku mbili. Nakupenda, mdogo wangu, lakini acha!

Unajua hapa kila mtu hupogoa mistari yake mwenyewe ya mizabibu. Basi mama amekataza mkono mwingine kugusa mistari sita ya Cornel. Mizabibu isiyopogolewa haizai. Imebaki majani matupu, na ukungu wake umeanza kuhamia kwenye yangu. Nimevumilia vya kutosha.

Jana nilinoa mkasi wa Cornel, nikamwambia mama kwamba Jumatatu naingia, apende asipende. Akautazama ule mkasi. Kisha akauliza, "Na akirudi je, akute umemkatia?"

Nikamjibu, "Akirudi atakuta zabibu."

Hapo nilikatisha barua, maana niliona mkasi haupo. Sasa ni mchana, nimetoka shambani. Nilimkuta mama mstari wa kwanza, na goti lake hilohilo, amefika shina la nne. Alikuwa analia na anakata. Nikaokota matawi nyuma yake.

Msalimie sana wifi Gladness. Baba mdogo anakusalimu, na kisiwa chake. Mungu awafunike huko mliko.

Zabibu za Cornel zikiiva mwezi wa pili, mpigie mama umuulize zina utamu gani. Usimuulize jingine.

Dada yako akupendaye,
Paulina