Nyumba Yako Haimo Kwenye Ramani

Shoga, uko wapi? Keti kwanza.

Mjukuu wangu, huyu anayesomea cheti cha uzamili cha mipango miji, katandika ramani ya mtaa wetu sakafuni. Natafuta nyumba yako, siioni. Natafuta yangu, siioni. Pamechorwa barabara!

Nikamuuliza, "Sisi tuko wapi?"

Ati, "Bibi, nyumba zisizo na hati nimeziandika kiwanja kitupu, ndipo barabara inapopita. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kiwanja kitupu! Na mimi ndiye niliyempitisha mlango kwa mlango, nikimwambia nani hana hati. Nimetuuza sote kwa mdomo wangu, shoga.

Saa nane anaipeleka manispaa na mwalimu wake.

"Bibi, inuka, nachelewa."

Siinuki. Nimeikalia. Njoo upesi, na wewe ukalie upande wako.