Kidonda cha Chanjo Kisiguswe

Amagoro, mchana wa mvua

Binti yangu Nekesa,

Neema ya Bwana ikufikie ukinyonyesha. Nimemweleza muuguzi wa hapa kwamba kidonda cha chanjo cha mwanao kinatoa usaha, na mama mkwe wako anataka kukikanda kwa majani.

Alilitazama kovu langu la chanjo mkononi. "Wewe nawe walikupaka majivu, mzee? Mwambie huyo mama akiache. Chembe nyeupe za damu zinafunzwa pale. Zenyewe hufa upesi, lakini uboho wa ndani ya mifupa huzaa nyingine zinazokumbuka."

"Zinakumbuka vita zisivyoviona?"

"Hata sasa zimo ndani yako."

Nilisikia baridi, kama mtu aliyesikia kikohozi katika nyumba aliyoidhani tupu.

Usikiguse, Nekesa. Acha zinazokufa zimalize kuzifundisha zisizozaliwa.

Mungu aubariki mkono huo mdogo.

Baba yako