Theluji ya Lulu

Guangzhou, China
14 Desemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umepona kile kikohozi, na kahawa mmeianua kabla mvua haijainyeshea. Dainess hajambo? Nimefurahi kusikia kwamba wazee wa kwao Benjamin wameshamletea mahari na kwamba harusi itakuwa baada ya Pasaka. Mimi mwilini sina tatizo. Nakula, nalala, na Jumapili nakwenda misa. Baridi ya huku ni ya sweta moja tu. Ukiona mwandiko umepinda, si kwa sababu ya baridi. Naomba uisome ukiwa peke yako.

Bado ni karani wa Bwana Abdulsamad, yule tajiri wa Dar es Salaam. Ofisi yetu ipo barabara ya Huanshi Zhonglu, juu ya mgahawa wa tambi. Naandika hati za makontena na kumtafsiria, maana Kichina nilichosomeshwa na serikali ndicho kinachonilisha. Ni mtu mwema, ila hapendi kuambiwa. Karani aliyenitangulia alimsahihisha mbele ya wageni, na wiki hiyohiyo akarudishwa kwao. Kwa hiyo mimi naitika tu, Mama. Nimekuwa hodari wa kuitika.

Mwezi uliopita alinipa kazi isiyohusu makontena. Mkewe, Bi Chausiku, alikuwa anakuja na watoto kwa likizo, na bosi alikuwa amewaahidi theluji. Miaka miwili iliyopita aliwatumia kalenda yenye picha ya mji wa Harbin, huko kaskazini, miti yote imevikwa weupe. Tangu siku hiyo binti yake Lulu, mwenye miaka saba, kila akipigiwa simu haulizi zawadi. Anauliza theluji ni lini. Bosi akaniambia nipange safari yote, treni, hoteli na mavazi, na warudi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Nilipanga kwa raha, nikauliza mpaka kama hoteli ina maji ya moto.

Watoto walipofika nikawapeleka soko la Zhanxi kutafuta makoti. Kule wanauza kwa dazeni, si koti moja moja. Kila laoban, ndivyo tunavyowaita wenye vibanda, alitukatalia kwa kicheko. Mmoja wao, mama wa makamo, aliniuliza kama watoto wangu wengine tisa nimewaacha nyumbani. Kaka zake Lulu, Rahim na Sufian, walikuwa wakigombea nani atamtupia baba tonge la theluji kwanza. Lulu aliniita Mjomba Protas, akaniuliza kama theluji ikianguka inapiga kelele kama mvua kwenye bati. Kabla sijamjibu akakaa juu ya mkokoteni wa mizigo, akashika miguu yake yote miwili na kulia bila sauti. Vidole vilikuwa vimevimba. Nilipomwinua uso nikaona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Yule mama wa kibanda akatutolea koti moja jekundu.

Unajua nilichokiona, Mama. Unajua nilimwona nani.

Tuliporudi, Bi Chausiku alimkanda kwa mafuta ya habasoda, akasema ndivyo mwanawe alivyo, kila kipupwe mifupa humuuma, na malaria haimwachi. Nikaitika. Nikatoka nje nikajiuliza huko Harbin, ambako mate huganda kabla ya kufika chini, damu ya mtoto yule itapitaje. Nikaanza kuchelewesha. Nilimdanganya bosi kwamba treni zimejaa. Akacheka, akasema miaka mitano ya chuo kikuu nimeshindwa kukata tiketi, kisha akampigia wakala wake. Jioni tiketi zikawa mezani, safari ni baada ya siku mbili, nami natakiwa kujaza majina ya wasafiri kwenye fomu ya hoteli.

Ofisini walikuwapo bosi, mkewe, na Abass. Huyo ni Abass wa pale Kashai, anayenunua viatu huku, jirani wa ukuta kwa ukuta wa akina Benjamin. Nilingoja aondoke. Lakini Abass akishapewa chai haondoki, na jina la Lulu lilikuwa linafuata kujazwa.

Basi nikasema. Nilimwambia bosi kwamba mtoto asiende, damu yake ipimwe kwanza. Akaniuliza tangu lini karani wake amekuwa daktari. Alisema amenipa kazi ya kuhesabu makatoni, si kuwaagulia wanawe, na nikikosea nitafute njia ya kwetu. Bi Chausiku ndiye aliyeniuliza, taratibu, mwanangu, umejuaje? Hapo sikuwa na jibu jingine.

Mama, nimemtaja Erastus.

Nilisema nilikuwa na mdogo wangu aliyezaliwa na selimundu. Nilieleza macho yake, vidole vyake, matofali uliyoyapasha moto na kuyafunga kwenye kanga ili alale, na ule usiku wa mvua ya mawe aliokufa. Yote uliyotukataza kuyatoa nje ya mlango, ukituambia watu wakijua kuna damu ile nyumbani hakuna atakayemposa Dainess, niliyasema mbele ya Abass. Aliweka kikombe chini, akauliza kama Benjamin anajua. Nikasema hajui.

Asubuhi bosi mwenyewe alimbeba Lulu hospitali. Daktari alisema wagonjwa wa namna hiyo huwasoma vitabuni tu, lakini alipima, na ni kweli. Akanituma nimwambie bosi kwamba ugonjwa huu haumpati mtoto mpaka baba na mama wote wawe na mbegu yake, hata kama wenyewe ni wazima kabisa. Nilipomaliza kutafsiri, bosi alikaa kwenye benchi la korido na lile koti jekundu mapajani. Hajanishukuru wala hajanifukuza. Jana ameondoka na wavulana peke yao.

Lulu hakunisemesha tangu siku ile. Alimwambia mama yake kwamba Mjomba Protas ndiye aliyemnyang'anya theluji. Lakini wakati wa kuagana niliona amempa Rahim chupa ya chai ya nyumbani, na leo amenijia mwenyewe kuniuliza kama chupa inayotunza moto inaweza kutunza baridi. Nikamwambia inaweza. Ameketi dirishani sasa, amevaa koti lake.

Mama, tafsiri ile niliyoitoa hospitali hainitoki kichwani. Baba na mama wote. Hatujui Dainess amebeba nini, wala Benjamin. Hospitali ya mkoa wanapima. Barua hii anakuletea Abass mwenyewe. Ameniahidi kwamba atapita kwako kwanza, kabla ya kufika kwake, na kwamba hatasema neno mpaka wewe useme. Mwite Benjamin umwambie. Akiondoka, Dainess atanichukia, nami nitavumilia. Naogopa sana, lakini naogopa zaidi mjukuu wako kulazwa na matofali ya moto.

Msalimie Dainess, umwambie nampenda. Wasalimie majirani wote, na ukipita migombani mwambie aliyelala pale kwamba nimelitamka jina lake mbele za watu.

Ni mimi mwanao,
Protas,
kaka yao Erastus na Dainess