Vimoyo Juu ya Kila i

Timotheo, shika simu!! Wewe na steshenari yako mmenimaliza.

Nimetoka kwa baba yake Yunis sasa hivi, huku Magamba. Kaniita kuhusu barua yangu ya posa.

Nimempa shikamoo, kaitikia vizuri. Si unajua ni mwalimu mstaafu, akaanza kuusifu mwandiko. MWANDIKO bwana! Ile fonti yako ya kompyuta uliyoniapia kwamba inafanana kabisa na mkono wa mtu, yenye vimoyo badala ya nukta juu ya kila i. Nikamjibu, "Asante mzee, nimezoea tangu shule." Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Akatoa barua nyingine. Ya Kristian wa Lukozi, naye anamposa Yunis. Mwandiko ule ule. Vimoyo vile vile. Vimoyo, Timotheo! Kumbe umetuchapia wote wawili.

Mzee kavua miwani: "Na huyu mlisoma darasa moja?"

Yunis alikuwa analeta chai. Kacheka mpaka kaimwaga. Ikabidi nikutaje wewe na kompyuta yako.

Mzee kasema hampi binti mtu ambaye hata kuposa anasaidiwa. Anamtaka mwenye mwandiko aje mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi vaa shati safi. Yunis kashaniuliza kama umeoa.