Mume Aliyekata Mrija kwa Mkasi wa Mkewe

Mpendwa Shangazi Bila Sukari, naomba unisaidie, na nitangulie kusema kwamba sijawahi kuandika gazetini maishani mwangu, mimi ni mtu wa heshima zangu, nimestaafu usimamizi wa ghala baada ya miaka thelathini na moja bila katoni hata moja kupotea, lakini jambo lililonifika limenizidi kimo na sina wa kumwambia, kwa sababu wale wale waliokuwa wakinisifu sasa wananitazama kwa pembe ya jicho.

Mke wangu ni fundi cherehani, na mapafu yake yamekakamaa, ugonjwa ambao daktari alisema hauponi ila unatunzwa, na huu ni mwaka wa pili anapumua kwa mashine ya oksijeni, tena si oksijeni ya kidogo, ni lita sita kwa dakika akiwa amekaa na nane akitembea, mashine inanguruma chumbani kutwa kucha na mrija unatoka pale hadi puani mwake. Tangu augue, Shangazi, nyumba hii nimeibeba mimi, napika, nafua, namchana nywele, namlisha uji kwa kijiko ingawa mikono anayo, na watu wananisifu, majirani wananisifu, hata dada yake ambaye miaka yote hakuniona mtu alinisifu mbele ya wageni, na nikiweka picha kwenye kundi la ukoo kwenye simu, mimi na kijiko, yeye na mto, binamu mmoja aliwahi kuandika kwamba wanaume wa aina yangu wamebaki wawili na wa pili hajulikani aliko. Sisemi haya kwa kujisifu.

Tatizo lilianza hospitali walipompeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mwenye raba nyeupe, akamwambia mke wangu eti atembee kila siku, yaani mtu anayepumulia mashine atembee, akampa mrija mrefu wa mita kumi na tano, mtungi mdogo wenye kigari wa kutokea nje, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya mwilini, akamwonyesha na namba, ikishuka hapo asimame, akae, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai. Basi ikawa kila asubuhi mke wangu yuko koridoni, mrija unamfuata, na pale anapofika anachora alama ukutani kwa chaki yake ya kushonea, leo hapa, kesho pale, ukuta wangu ukajaa mistari, mpaka siku moja akafika chumba cha mbele kwenye cherehani na meza yake ya kukatia, hatua thelathini na sita kutoka kitandani, akafungua kitambaa akaanza kukata suruali, tena ya kwangu, kwa sababu alisema hizi nilizonazo zimenibana.

Siku hiyo hiyo dada yake akapita, akampiga picha amesimama mezani, mrija puani na mkasi mkononi, akaiweka kwenye kundi la ukoo, na watu wakaandika kutwa nzima, fundi wa chuma, fundi hazimiki, na mimi niliyekuwa jikoni nakata vitunguu hakuna aliyeniuliza hata hali. Sikujali. Ila nilianza kufikiria usalama wake, maana mrija ule mrefu ni hatari, mimi mwenyewe nilishaukanyaga nikaanguka na sinia la chai, kwa hiyo kesho yake nikamwambia nasafisha mashine, nikamweka kwenye mtungi kwa dakika chache, nikaukata na kuipachika ncha upya kwenye mashine. Nikaacha mita nne, zinamfikisha kitini na msalani, na mtu mgonjwa anahitaji nini zaidi. Alama za chaki nikazifuta kwa kitambaa chenye maji, na mtungi nikaufungia stoo kwa ajili ya dharura.

Hakulia wala hakugomba, Shangazi. Aliutazama mrija akaniuliza swali moja, "Umekata kwa mkasi upi?" nikamwambia ule wako wa kitambaa, ndio uliokuwa karibu, akageukia ukutani. Hii ni wiki ya tano haniambii neno ila "asante". Dada yake naye amewaambia watu, ndiyo maana wananitazama hivyo. Na juzi kwenda msalani tu, hatua tisa, alirudi anahema kuliko zamani, nikamwambia unaona sasa, ndiyo maana nakukataza kujichosha, nikatoka nikasimama dirishani kwake nikavuta sigara moja ya kutuliza mawazo huku nikimsikiliza asije akaniita. Kule ghalani tulikuwa na msemo, kitu kikikaa mahali pake hakivunjiki. Barua hii naiandikia kwenye meza yake ya kukatia, vipande vya suruali nimevisogeza pembeni, kwa sababu huku mrija haufiki na hawezi kuja kuona ninachoandika. Nimweleze kwa maneno gani aelewe kwamba namlinda?

Ni mimi, Mume Mwenye Kujali.

SHANGAZI ANAJIBU

Mume Mwenye Kujali, jina hilo umejipa mwenyewe, kwa hiyo nitalitumia mara hii moja tu.

Unataka maneno ya kumwelewesha mkeo. Mkeo alishaelewa siku ile ile, kabla hujamaliza kurudisha mkasi mahali pake. Asiyeelewa katika nyumba hiyo ni mmoja, na ndiye aliyeshika kalamu. Barua yako inasema unasifiwa na majirani, unasifiwa na shemeji, unasifiwa na binamu, halafu unaniambia husemi kwa kujisifu. Nikupe na mimi sifa yangu basi: sijapata kusoma mtu anayejishitaki vizuri hivi bila kujua kwamba yuko mahakamani.

Hebu turudi nyuma pamoja, taratibu, kama tunahesabu katoni zako. Uliukanyaga mrija ule ukaanguka na sinia la chai, nawe hukuukata. Mkeo alitembea siku nyingi, akachora mistari mingi, nawe hukuukata. Ikaja siku akasimama kwa miguu yake, watu wakamsifu yeye, wewe na vitunguu vyako mkasahaulika. Kesho yake ukashika mkasi. Halafu unaniambia ni usalama. Usalama gani huo unaoamshwa na picha ya kwenye simu?

Wewe hukuogopa kwamba ataanguka. Uliogopa kwamba hataanguka, na kijiko kitakosa kazi. Mwanamke mwenye mikono inayokata suruali, wewe unamlisha uji kama mtoto wa miezi sita na kupiga picha. Mimi sina haja ya kukuuliza uji ule ulikuwa unamshibisha nani.

Nije kwenye mkasi, kwa sababu naona hadi leo hujui ulichofanya. Umeishi na fundi miaka yote hiyo na hujui kwamba mkasi wa kitambaa haukatiwi hata karatasi? Watoto wa mafundi hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Ulichukua kifaa cha kazi yake, ukakitumia kumkatia njia ya kwenda kazini, ukakiharibu makali humo humo. Alipokuuliza ni mkasi upi, alikuwa anakupa nafasi ya mwisho ya kuwa mjinga tu. Wewe ukamjibu kwamba ndio uliokuwa karibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yule mama nguo ndiyo fani yake, kwa hiyo usidhani hakujua aitafute wapi.

Halafu hizo hatua tisa. Unasema alihema kuliko zamani, na ukapata la kumwambia, unaona sasa. Ni wewe wa kuona. Wiki tano umemkalisha, na miguu isiyotumika hulegea, na miguu iliyolegea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo maana yule mama wa raba nyeupe, ambaye unamwandika kama mchawi, alimpa mwendo wa kila siku. Mapafu yake hayawezi kurudi yalivyokuwa, hilo daktari kasema. Kilichobaki kufanya kazi ya ziada ni miguu, mapaja na moyo, na hivyo ndivyo ulivyovifungia stoo. Ukiendelea na ulinzi huu, zile tisa zitakuwa tano, halafu mbili, halafu utaleta beseni kitandani na kupiga picha nyingine.

Na wewe unayeogopa asijichoshe, unakwenda kuwasha sigara dirishani kwa mtu anayetumia oksijeni lita sita kwa dakika. Mzee mzima, msimamizi wa ghala, umepita kwenye vibao vya kukataza moto miaka thelathini na moja, ukavisahau ulipofika nyumbani kwako. Oksijeni na moto havikai jirani. Mrija mrefu wala haukuwa hatari kubwa ya nyumba hiyo. Hatari ilikuwa nje ya dirisha ikipuliza moshi na kujihurumia.

Sasa nivute pumzi kidogo na mimi, kwa pua, nitoe kwa midomo. Najua unaogopa. Kuishi na ngurumo ya ile mashine, kila ikibadilisha sauti moyo unaruka, si jambo dogo, na sitakucheka kwa hilo. Najua pia kwamba mtu aliyeamrisha watu miaka yote akistaafu huamka asubuhi hana wa kumwamrisha, na ugonjwa wa mkewe ukampa cheo upya. Umepika na kufua, na hayo ni kweli umeyafanya, wengine hukimbia. Lakini kitu kikikaa mahali pake hakivunjiki ni msemo wa sabuni na sukari. Mtu akikaa mahali pamoja ndiyo huvunjika.

Kwa hiyo nisikilize, na usinijibu.

Sigara zitoke leo, zisikaribie dirisha wala mlango, na ukiweza zisirudi kabisa mdomoni mwako. Kesho asubuhi mpigie simu yule mtaalamu wa mazoezi, umwambie ulichofanya, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, usiseme "mrija umekatika". Mwombe mrija mpya wa urefu ule ule, na aje mtu apime kama hewa inafika kamili kule mwisho, kwa sababu mtu wa lita nyingi hafanyiwi kwa kukisia, na hiyo ncha uliyoipachika kienyeji sijui inavujisha kiasi gani. Mweleze na huko kuhema kulikozidi, daktari amwangalie kwanza kabla hajaanza tena. Lita ni zile alizoandikiwa, sita akikaa na nane akitembea, wewe huna kura hapo.

Mtungi utoke stoo. Weka viti viwili koridoni, mmoja katikati na mmoja karibu na mwisho, awe na pa kukaa kidude cha kidoleni kikisoma chini. Usitegemee atafika hatua thelathini na sita siku ya kwanza. Hizo ulizifuta pamoja na chaki, itabidi azichume upya moja moja, na kila atakapokaa kupumzika ujue anakaa kwa sababu yako. Wewe kazi yako ni kutembea nyuma yake, kuinua mrija usikanyagwe na miguu yako ile ile iliyoangusha chai, na kunyamaza. Asiposema "nisaidie," usimsaidie. Simu iache chumbani.

Kijiko mpe mwenyewe. Mkasi upeleke kwa fundi wa kunoa, usimame pale mpaka uishe kunolewa, uurudishe umefungwa kwa kitambaa safi. Nunua na chaki mpya, umwekee pale koridoni, chini ya ukuta ulioufuta, wala usimhutubie kuhusu msamaha. Atakapochora mstari wa kwanza utajua ulipo naye, na asipochora utajua vilevile.

Na jambo la mwisho. Ulichagua meza ile kwa sababu mrija haufiki. Simama hapo, rudisha vipande vya kitambaa katikati kama alivyoviacha, na ukitaka kuniandikia tena kaandikie jikoni. Meza ina mwenyewe, anakuja. Na wewe, mpaka atakapofika, endelea kuvaa suruali hizo zinazokubana.