Mwenye Ufunguo Hatoki

Kutulo, 12 Mei 2025

Binti yangu Hamda,

Assalamu alaykum. Sisi sote tu wazima. Goti la mama yako limepungua maumivu. Wewe u hali gani? Na Aweys, mtoto wa ndugu yangu niliyekukabidhi hapo kiwandani?

Ninaandika kwa mkono na kumpa dereva wa basi kwa sababu ujumbe wako wa simu ulisema, "sijui km ntakuja". Hiyo si lugha, wala si jibu. Nikah ya dada yako Sahro ni Ijumaa, tarehe thelathini. Yeye anacheka tu: asema atatandika shali yako kitini pako ili wageni wadhani umetoka kidogo. Mimi sicheki. Niandikie sentensi kamili: kwa nini huji?

Aabo yako,
Mwalimu Bishar

Garissa, 16 Mei

Aabo mpendwa,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, alhamdulillah. Aweys anakohoa, asema ni baridi ya chumba cha nyama.

Siji kwa sababu nina ufunguo. Chumba cha baridi hupozwa kwa gesi ya amonia. Ikivuja, kihisi kilicho ukutani hupeleka ishara kwenye mtambo wa usalama, nao huzima mashine na kupiga king'ora. Nilipokuwa nikiujaribu mtambo huo, niliilazimisha ishara: niliufanya uamini kwamba hewa ni safi, hata kihisi kiseme nini, ili nipime sehemu nyingine bila kuzima kila kitu. Hilo linaruhusiwa kwa masharti. Chumba kisiwe na watu. Aliyelazimisha ishara ashike ufunguo wa mtambo, wala asitoke kiwandani mpaka airudishe ilivyokuwa.

Jaribio lilikwisha. Nilipotaka kuirudisha, meneja Abdiwahid akanizuia. "Kihisi hicho kibovu, Hamda, kinapiga kelele bure. Kipya kinatoka Mombasa. Ukirudisha, mashine zinazima na nyama ya Idd inaoza. Hawa watu utawalisha wewe?" Kisha akawaingiza watu kazini. Aweys yumo.

Fundi mwingine wa kumwachia ufunguo hayupo. Ninalala katika chumba cha walinzi. Nikitoka, nimevunja sharti la mwisho lililobaki. Nikiirudisha ishara, tunafukuzwa sote wawili, mimi na Aweys.

Msalimie Hooyo, mama yangu, na goti lake.

Binti yako,
Hamda

Kutulo, 21 Mei

Hamda,

Salaam. Huku wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira.

Ulimwona bibi yako: ngamia akifiwa na ndama, aliwekewa ngozi ya ndama yule, akainusa, akaachia maziwa. Tulimdanganya, ndiyo, kwa muda wa kukamua tu. Uliwahi kuiona ngozi ile ikiachwa zizini? Bibi yako aliiondoa kwa mkono wake mwenyewe, maana ngamia aliyeachiwa ngozi huilinda na haendi malishoni hata afe njaa.

Wewe umeiacha zizini.

Sasa nakuuliza kama ningemuuliza mwanafunzi: kihisi hicho kibovu, umekipima au umeambiwa? Usinijibu mimi. Kajibu mlangoni mwa kile chumba. Kazi ya Aweys niliiomba mimi; ikipotea, nitamweleza ndugu yangu. Akipotea Aweys, sina la kumweleza.

Aabo yako

Garissa, 27 Mei

Aabo,

Assalamu alaykum. Aweys yu hai. Naanza na hilo ili usilitafute.

Nilikuwa nimeambiwa, sikuwa nimepima. Niliposoma barua yako niliingia nikawatoa watu wote. Aweys akalalamika, "Abaayo Hamda, dada yangu, nyama hazijapangwa, meneja atatumeza!"

"Ataanza na mimi. Toka."

Chumba kilipokuwa kitupu, niligeuza ufunguo. King'ora kililia papo hapo, mashine zikazima. Abdiwahid akaja mbio: "Si nilikwambia ni kibovu?" Nikampa kipimo cha gesi cha mkononi akishike yeye mwenyewe pale mlangoni. Nacho kikalia. Macho yake yakabubujika machozi, akarudi nyuma.

Bomba lilikuwa limepasuka nyuma ya rafu, ufa ukipanuka kidogo kidogo hata pua za watu zikazoea harufu. Kihisi kilikuwa kizima tangu mwanzo. Kikohozi cha Aweys hakikuwa cha baridi.

Wakaguzi wameuchukua ufunguo. Getini naweza kupita sasa, lakini Garissa nisitoke mpaka wamalize kunihoji, kwa kuwa mkono ulioilazimisha ishara ni wangu. Wana haki. Aweys wamemruhusu, ndiye atakayekuletea barua hii. Mpelekeni hospitali kwanza, harusi baadaye.

Mwambie Sahro asitandike shali yangu. Kiti kiwe kitupu. Wageni wakiuliza, wajue kwamba sipo.

Binti yako,
Hamda